Msalaba wa Daladala

Hongera zake mmisionari wetu kutoka ng'ambo: amepanda daladala ya Mbagala, tena jioni, saa ambayo hata wenyeji wengine hupandia dirishani. Barua kwa wafadhili wake imeeleza mateso yote. Amesimama shingo upande, ndoo ya samaki wa soko la Feri miguuni, kwapa la jirani usoni, na konda anagonga bodi akiapa kwamba nyuma kuna nafasi. Huko kwao wamelia, wamechanga.

Mwenye ndoo naye hupanda gari hilohilo kila siku ya Mungu, lakini sijasikia kanisa lolote lililomlilia. Wala yule mwanafunzi aliyeachwa kituoni kwa kosa la kulipa nauli pungufu.

Na kuna jambo halikuingia kwenye barua. Noti ilitoka kiti cha nyuma kabisa, ikapita mikono ya watu wasiojuana hata kwa jina, ikamfikia konda mlangoni. Chenji ikarudi kwa njia ileile, kamili, hakuna aliyehesabu wala kuuliza. Pengine ni vizuri halikuandikwa. Wafadhili wangeanza kuhoji ameenda kumfundisha nani uaminifu.

Basi mchango umetimia, gari limeshuka bandarini: refu, jeupe, vioo vyeusi, kiyoyozi cha kutetemesha meno. Viti saba, na wanaokaa ni yeye na dereva.

Jumapili hii mahubiri ni juu ya unyenyekevu. Mnaokuja kwa daladala mdamke mapema, ibada inaanza saa moja kamili.