Ngome Yangu na Funguo Kumi na Moja

Jirani yangu wa upande wa bondeni, huku kwetu Kimara, aliamka asubuhi moja akaikuta suruali yake imeanikwa juu ya ukuta wangu, mifuko imetolewa nje kama ndimi za mbwa wenye kiu. Usiku alikuwa ameitundika kwenye msumari chumbani, naye akalala humo humo. Mwizi hakuingia ndani. Alipenyeza upondo wenye ndoano kati ya nondo mbili za dirisha, akaiangua suruali kama mtu anavyoangua embe, akachukua simu na nauli ya wiki nzima, kisha akaja kuianika kwangu. Mkanda hakuurudisha.

"Hiyo ni barua," mama watoto akaniambia tukiwa tumesimama tunaitazama. "Unaarifiwa kwamba zamu yako inakuja."

Nikamwita fundi wa kuchomelea. Akaizunguka nyumba mara moja, mikono nyuma, kama bwana afya aliyefumania jiko la mgahawa. Akasonya.

"Bosi, hapa mmelala nje."

Akanionyesha. Grili za madirisha ya mbele zilikuwa zimekazwa kwa skrubu, na vichwa vya skrubu vilikuwa upande wa nje. Mwenye bisibisi na subira angeweza kuitoa grili nzima, akaiegemeza ukutani taratibu, akaingia bila kumwamsha hata kuku. Mlango wa nyuma nao ulikuwa unafungukia nje, kwa hiyo bawaba zake zilikuwa nje. Ukiigonga pini ya bawaba ikatoka, mlango unang'oka mzima pamoja na kitasa chake cha bei mbaya, kitasa kikiwa bado kimefungwa kwa uaminifu.

"Hivi ni fundi gani alikufanyia kazi hii?" akauliza kwa uchungu.

Nikamtazama. Naye akanitazama. Akaigeukia grili tena, safari hii kama mtu aliyekutana sokoni na mtoto wake wa nje.

"Wakati ule, bosi," akasema baada ya kukohoa, "wezi walikuwa hawajasoma."

Kazi ilichukua wiki nzima, na katikati ya wiki hiyo mama mkwe akaja kututembelea kutoka kijijini. Jioni moja alinisikia barazani nikiongea na fundi kwenye simu: "Huu mlango hauna nguvu. Fatuma akija usiku, mara mbili tu yuko chumbani." Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam habari za fatuma, anaelewa kwamba unazungumzia lile jiwe kubwa ambalo majambazi hulibeba kuvunjia mlango. Kwao mama mkwe, Fatuma ni jina la mtu. Kwa siku tatu aliipokea shikamoo yangu kama muuza duka anavyopokea noti aliyoitilia shaka. Siku ya nne mama watoto akamweleza. Akacheka kidogo, lakini niliona hakuridhika moja kwa moja.

Mwisho wa wiki nyumba ikawa ngome. Juu ya ukuta tulipanga vipande vya chupa kwenye saruji mbichi. Chupa nilizikusanya baa, viroba vitatu, na mtaa mzima ukaniona nikizibeba. Heshima yangu bado haijarudi. Nikapachika taa ya sola inayowaka yenyewe kitu kikipita, nayo ikawaka kwa kila paka wa Kimara. Na zikaja funguo: ya geti kubwa, ya geti dogo, ya grili ya baraza, mbili za mlango wa mbele, mbili za mlango wa nyuma, ya grili ya nyuma, ya stoo, na mbili ambazo mimi wala fundi hatukujua ni za nini, ila tuliogopa kuzitupa. Kumi na moja. Nikizitia mfukoni, suruali inashuka.

Mkusanyaji wa michango ya ulinzi shirikishi wa mtaa alipopita na daftari lake, nilimwonyesha ukuta. "Mimi nimejitegemea," nikamwambia. Akaandika kitu, akaondoka.

Wiki mbili baadaye, saa nane usiku, taa ya sola ikawaka na kitu kikaanguka nyuma ya stoo. Mama watoto alikuwa zamu ya usiku kazini, na mama mkwe alikuwa bado yuko kwetu. Kwenye giza nikavuta nguo ya kwanza iliyokuja mkononi, nikajifunga kiunoni, nikafungua mlango na grili, nikatoka. Lilikuwa embe. Nikiwa bado nimeliinamia, upepo ukaisukuma grili nyuma yangu. Kitasa chake ni cha kujibana chenyewe. Fundi alikisifia sana. Kikasema *ta!*

Funguo zote kumi na moja zilikuwa ndani. Nikaitikisa grili. Ndani nikasikia kandambili zinakuja mbio, mlango wa mbao ukabamizwa, komeo likashushwa.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?"

Sijui ni baridi au ni woga, sauti ilinitoka nyembamba kama ya kike. "Mkweo, mama. Nifungulie."

Kimya. Kisha mama mkwe akapaza sauti iliyofika bondeni: "Fatuma, nenda zako! Mume wa mwanangu amelala! Mwiziii!"

Msomaji, neno hilo likipigwa usiku katika jiji hili, halisubiri ushahidi. Watu wameuawa kwa neno hilo, na wengine hawakuwa wameiba kitu. Filimbi zikalia, na vijana wa ulinzi shirikishi wakafika na virungu. Hawakuweza kuingia. Geti lilikuwa na kufuli, ukuta ulikuwa na chupa. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa ajili ya chupa zile.

"Mikono juu!" wakaniambia kupitia upenyo wa geti, tochi zote usoni.

Mikono yote miwili sikuweza. Mmoja ulikuwa umeshika nguo. Tochi zikashuka hapo. Ilikuwa kanga ya mama watoto, na kijana mmoja akaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Aliyeniokoa ni jirani wa bondeni. Alitokea amevaa suruali ile ile, ameikaza kwa kamba. "Huyu ni mwenye nyumba," akawaambia. "Naijua sauti yake." Akampigia simu mama watoto, mama watoto akampigia mama yake. Nikamsikia mama mkwe ndani akiuliza mara tatu, "Una uhakika ni yeye?"

Alipofungua mlango, tulibaki kila mmoja upande wake wa grili, yeye na funguo kumi na moja zisizo na alama. Ukitia ya kwanza haiingii, ya pili inaingia haizunguki. Ya tisa ndiyo iliyofungua. Kijana mmoja, aliyekuwa ameshakaa chini kule nje, akauliza tu, bila kejeli: "Mzee, na moto ukiwaka?"

Sikuwa na jibu. Watoto wangu wawili walikuwa wamelala nyuma ya nondo nilizozilipia mwenyewe.

Kesho yake fundi alirudi. Vichwa vya skrubu vimechomelewa, bawaba zimehamia ndani, na dirisha la chumba cha watoto lina grili inayofunguka kwa ndani. Ufunguo wake unaning'inia mahali ambapo hata mtoto mdogo anaufikia lakini upondo haufiki. Tumepima kwa fito. Funguo zote zina rangi. Zile mbili tumezitupa. Na daftari la ulinzi shirikishi nimelilipa, pamoja na miezi minne ya deni ambayo mkusanyaji alikuwa ameiandika kimya kimya.

Nawe leo kabla hujalala, toka nje uangalie vichwa vya skrubu vya grili zako vimetazama wapi. Ila toka na ufunguo.