Mhadhara wa Marudio: Kwa Nini Timu za Dhahabu Hushuka Daraja

Mabibi na mabwana wa Kharumwa, wazee wangu mwadila, nanyi vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima ya elimu: mhadhara huu unatolewa na mtaalamu pekee wa Elimu Linganishi ya Chipukizi katika wilaya nzima ya Nyang'hwale, na huenda Kanda ya Ziwa yote, kwa kuwa hadi sasa hakuna mwingine aliyejitokeza kukidai cheo hicho. Fani hii haifundishwi chuo kikuu chochote, na lawama ni ya vyuo. Hoja yangu ni moja, nami naitoa mapema ili wenye haraka ya kuwahi mechi ya Ulaya kwenye kibanda umiza waondoke nayo mfukoni: msimamo wa ligi haupimi timu. Unapima washambuliaji wawili na bahati ya msimu mmoja. Timu hupimwa kwa vijana wake ambao hakuna anayewatazama, na kwa kipimo hicho timu zetu za Shinyanga na Geita zilikuwa zimeshashuka daraja huku bado zinacheza Ligi Kuu.

Tuanze na Geita Gold, maana ndicho kidonda kibichi. Ilipanda mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza, 2021/22, ikamaliza nafasi ya 4. George Mpole akafunga mabao 17, akampita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, na ufungaji bora ukaja mji wa dhahabu, jambo ambalo waandishi wa michezo walilifurahia kuliko walivyolichunguza. Timu ikaingia Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 1-0 na Hilal Alsahil ya Sudan, ikashinda 2-1 marudiano, ikatolewa kwa bao la ugenini. Mpole akavuka mpaka kwenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Msimu wa 2023/24 Geita Gold ikashuka. Shabiki wa kawaida alishika kichwa. Mtaalamu hakushika chochote. Mtaalamu haulizi nani alifunga 17. Anauliza nani alikuwa nyuma yake, kijana wa miaka 19 aliyekaa benchi msimu mzima akizisoma mbio zake, tayari kuvaa jezi ile siku mwenyewe akiondoka. Mtajeni. Nimewapa nafasi, nanyi mmenyamaza, na ukimya huo naupokea kama takwimu.

Mtaniuliza kwa nini viongozi hawamtazami huyo wa nyuma. Hapa naomba wachimbaji mliopo mnisikilize kwa makini, kwa sababu nitawaeleza kazi yenu wenyewe, jambo ambalo wataalamu hupenda sana kulifanya. Mnatoa mawe duarani, mnayapeleka karashani, mnayasaga mpaka yawe unga, mnaupitisha kwenye mwalo kwa maji, kisha zebaki inashika kinachong'aa. Mnachoma, mnapima, mnagawana, mnacheka. Kumbe zebaki haijashika hata nusu ya dhahabu yote iliyokuwemo. Iliyobaki imelala kwenye ule mchanga mnaouita marudio, na marudio mnayauza kwa bei ya kuondoa uchafu. Anayenunua ana mtambo wa kuchenjua kwa sianidi. Hana haraka, anasubiri siku na siku, na mwisho anapata dhahabu ambayo ninyi mliikanyaga kwa ndala. Hivyo ndivyo tunavyochagua wachezaji. Kwenye UMISSETA na kwenye ndondo tunamwona mwenye chenga na mwenye mashuti, huyo ndiye anayeshikwa na zebaki yetu. Beki wa kushoto mwenye miaka 16 anayejua kusimama pale mpira utakapofika, kipa mrefu asiyejua bado kutumia urefu wake, kiungo asiyepiga kelele: hao ni marudio. Na mwenye mtambo anakaa Dar es Salaam.

Najua kuna mtu pale nyuma ameshanyanyua mkono kusema tatizo ni fedha. Ashushe. Stand United ya Shinyanga, Chama la Wana, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na mgodi wa Bulyanhulu hapo jirani zetu, ikaja na udhamini ambao timu nyingi za mikoani ziliuota tu. Mwaka uliofuata klabu iligawanyika pande mbili, kila upande ukidai ndio wenye Stand halali, na mdhamini akafunga mkoba wake akaondoka. Mwadui nayo ilikuwa imekaa kando ya mgodi wa almasi uliogunduliwa mwaka 1940. Ilipanda 2015, ikashuka 2021. KenGold ya Chunya, ambako dhahabu ipo pia, ilipanda 2024 na ikashuka 2025, kabla hata shabiki hajazoea kulitamka jina lake. Kama madini yaliyo chini ya ardhi yangekuwa yanacheza, ukanda huu ungekuwa bingwa wa Afrika. Fedha inanunua mshambuliaji wa Januari. Haimfundishi mtoto wa darasa la saba wa Kharumwa kupiga pasi kwa mguu wa kushoto, isipokuwa mtu ameamua mapema kwamba ifanye hivyo.

Wengine watasema ni hila za Kariakoo, kwamba Simba na Yanga ndizo zinazotumaliza. Hoja hii ina utamu, na kwa sababu hiyo naitilia shaka. Septemba 2018 Alex Kitenge wa Stand United aliifunga Yanga mabao matatu peke yake, ugenini. Stand ikapoteza 4-3, maana mabeki wake wa kweli walikuwa wamebaki kwenye yale marudio niliyoyataja. Januari 2019, nyumbani uwanja wa Kambarage, Stand ikaifunga Yanga 1-0. Msimu huohuo ikashuka daraja. Timu inayoweza kumfunga Yanga na bado ikashuka haijaonewa na Yanga. Imeshindwa zile mechi za Jumatano dhidi ya timu ambazo hakuna anayezikatia tiketi. Mechi hizo huchezwa na wachezaji wa 14, wa 17, wa 20, na ndio wale tusiowajua majina. Nasikitika kuwaharibia kisingizio kizuri.

Kwa wale wanaoniambia mabao hayadanganyi, natoa kwa sauti ya chini ushahidi wa mwaka 2016. Siku ya mwisho ya kundi C la Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora nayo, muda uleule, ikaifunga JKT Oljoro 7-0. TFF ilizitazama namba hizo, ikaona zimenona kupita kiasi, ikazishusha daraja timu zote nne kwa kupanga matokeo, na Mbao FC ya Mwanza ikapanda kupitia mlango huo. Mbao hao hao mwaka 2017 wakafika fainali ya Kombe la FA wakafungwa na Simba 2-1, na mwaka 2020 nao wakashuka. Ukanda wetu una njia nyingi za kufika kileleni. Ya kukaa huko bado inatafutwa.

Hoja ngumu kuliko zote ni Mtibwa Sugar, nami siikwepi. Mtibwa, bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, inasifika kwa kulea vijana, na bado ilishuka msimu uleule ulioishusha Geita Gold. Basi malezi yana faida gani? Hapa ndipo mtaalamu hutofautiana na mpiga domo. Timu zote mbili zilianguka pamoja, zikaanza pamoja Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Mwaka 2025 Mtibwa ilirudi Ligi Kuu ikiwa bingwa wa Championship. Geita Gold ikabaki. Malezi hayazuii kuanguka. Yanafupisha muda wa kukaa chini. Mtasema Mtibwa ina kiwanda cha sukari nyuma yake. Kweli, na Geita ilikuwa na mgodi. Sukari na dhahabu nimezipima, na mizani haikuniambia kwamba sukari ni ghali zaidi.

Hata Wamarekani, ambao mchezo wao wa besiboli sitaueleza kwa sababu muda ni mali, walilijua hili zamani. Katika miaka ya 1920 bwana mmoja, Branch Rickey wa St. Louis Cardinals, aliyeona hana fedha za kushindana na matajiri sokoni, alianza kununua timu ndogo za miji midogo ili awakuze wachezaji humo mwenyewe. Leo kila moja ya klabu 30 za ligi yao kuu ina timu nne za chini, jumla 120, na mashabiki wanabishana kuhusu kijana wa daraja la nne kama sisi tunavyobishana kuhusu usajili wa Simba. Kwao hakuna kushuka daraja, nakubali. Anayefanya vibaya anasogezwa mbele kwenye foleni ya kuchagua chipukizi. Huku kwetu anayefanya vibaya anapelekwa Championship akiwa na madeni. Ndiyo sababu sisi, kuliko wao, tulipaswa kuwa na daftari la vijana.

Mwenye hoja ya udanganyifu wa umri namwonea huruma, kwa kuwa ana haki. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 na wakaondolewa kwa kashfa ya umri, na hata leo kuna chipukizi wanaonyoa ndevu kabla ya mazoezi. Lakini dawa yake ni hiyohiyo: mwandikeni mtoto akiwa na miaka 12, kabla hajapata sababu ya kudanganya. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka baada ya hapo. Klabu ya Kharumwa inaweza kudai mgawo huo ikiwa tu ilikuwa imemsajili. Kwa hiyo chama cha soka cha wilaya kianze na daftari kubwa lenye mistari, majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, mguu anaoutumia na shule anayosoma, na mabeki waandikwe kabla ya washambuliaji. Fedha za daftari zikikosekana, mwenye kibanda umiza atoe kiingilio cha mechi moja, achague mwenyewe, hata ile ya Jumatatu usiku isiyo na watu.