Ombi la Kukabidhiwa Hundi ya Mfano

Kwa Waheshimiwa wa Mikopo ya Asilimia Kumi,
Huko huko mliko.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi vijana wachimbaji wa Makongolosi hatujambo. Vumbi la karasha tunaendelea kulimeza.

Fedha hatuombi. Ya fedha tumeshaelewa. Tunaomba lile bango: hundi ndefu kumshinda mgeni rasmi, ambayo vijana huitwa kuishika wakiwa na fulana mpya, wakatabasamu, wakapigwa picha, kisha dereva akaikwapua na kuirudisha garini hata turubai halijakunjwa. Fedha yenyewe, tunaambiwa, itafuata mchakato ukikamilika.

Waheshimiwa, kwetu bango lile lina kazi. Masika litafunika mdomo wa duara lisijae maji. Kiangazi tutalitandika chini ya karasha, unga wa mawe usipotee. Mwenye duka akitubana, tutamwekea dhamana: naye alishike, atabasamu, apigwe picha, halafu atoe sembe. Likichakaa tutalifanya mlango wa choo, tarakimu zikitazama nje, anayesubiri zamu apate cha kusoma. Upande wa nyuma, ulio mweupe, watoto watajifunzia hesabu: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Mtoto akiuliza ile 4 ya vijana iko wapi, tutamgeuzia bango.

Na tutalirejesha bila riba, kama sheria inavyotaka.

Mbona vikundi hewa vilipewa mikopo! CAG kaviandika kwenye taarifa zake. Hewa haikupanga foleni. Sisi wenye miili tunadaiwa katiba, muhtasari, akaunti, barua ya mtendaji, namba ya NIDA, tukishamaliza tunaambiwa fomu imebadilika. Lakini dhahabu yetu ikifika sokoni, mrabaha na ushuru wa huduma havijui mchakato. Vinakatwa hapo hapo, mizani haijatulia. Kwenye kukatwa hakuna aliyewahi kutuuliza muhtasari.

Samahanini. Tumepandisha sauti, na barua hii ni ya heshima.

Mengine ni madogo. Aprili 2023 mliposimamisha mikopo, mlisahau kusimamisha na siku zetu za kuzaliwa. Ujana kwenye mikopo una kikomo cha umri, na mikopo ilipofunguliwa 2024 wapo waliokwisha kuvuka. Warudishieni miaka yao. Fulana nazo zije na saizi zetu. Mgeni rasmi asituite taifa la kesho. Tuna watoto wanaosoma.

Kama bango limeshaahidiwa kata nyingine, tuko radhi kwa zamu: siku za kazi likae kwetu, za sherehe mlichukue. Mkilifuata, mje na gari lenu. Mafuta ya bodaboda hatuna, na posho ya kikao hatukupewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Vijana wa Makongolosi, wasio hewa.

Nakala: Mpiga picha.