Mvua ya Mungu, Turubai la Nani?

Msyuuu! Fundi kaezua nyumba ya watu Desemba, mawingu yameshakalia milima ya Udzungwa, halafu mvua ilipomwagika alasiri anasema eti kazi ya Mungu. Hapa kijiweni kwetu Lumemo, Ifakara, kila mtu alisonya kwa zamu yake, hadi dada wa sambusa ambaye mambo ya benchi letu kwa kawaida hayamhusu.

Mabati ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, mama mwenye nyumba akaamua naye avalishe msauzi, geji 28. Wakapatana kwa mdomo, hela ya kuanzia ikaenda kwa simu, fundi akaapa: "Mama, leo leo nakufunika." Kwa kauli hiyo mama akayaacha magunia ya mpunga chumbani, yale aliyoyabana tangu mavuno akisubiri bei ipande. Kufika magharibi jipsamu ya sebuleni imeshuka juu ya makochi, na mpunga umelowa chepechepe. Mtu wa Ifakara haelezwi mpunga uliolowa unafanya nini: unachemka ndani ya gunia, unageuka njano, na ukiupeleka mashineni unatoka chenga tupu. Hiyo ilikuwa ada ya watoto.

Kijana mmoja wa bodaboda akamtetea fundi. "Kwani angeizuia mvua kwa mikono?" Tukamcheka. Mto Lumemo ukivimba ukaingia ndani kwa mlango, sawa, tunapandisha vitanda juu ya matofali na kumwachia Mungu. Maji haya yamepita juu, mahali ambapo asubuhi palikuwa na bati, na aliyeling'oa tunamjua. Mvua za Msimu kusini mwa mkoa wa Morogoro ni Novemba hadi Aprili, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kila mwaka, na hata asiye na redio anaona jirani yake anashika jembe. Fundi anayeezua nyumba nzima kwa mpigo wakati huo, badala ya upande mmoja akaufunga ndipo ahamie wa pili, huyo ni fundi maiko.

Aliyetutuliza ni fundi mwingine, alikuwa kainamia drafti lake kimya. Akasema nyinyi mnaongea tu. Mwenye nyumba wa siku hizi ananunua vifaa mwenyewe, kwa sababu anaamini fundi atamwibia, na anavinunua kidogo kidogo: leo mabati, kesho misumari, kofia mpaka mwisho wa mwezi. Ukimwambia turubai, anakuuliza kwani tunaanika mpunga? Fundi anauza mikono yake, hiyo hela ya turubai aitoe wapi?

Hapo benchi likapoa, maana ni kweli. Angekuwa mama ndiye aliyechelewesha mabati, mimi ningekuwa upande wa fundi. Lakini mabati yalikuwepo uani tangu jana yake, na misumari pia. Fundi aliacha kazi saa sita akaenda kupima nyumba nyingine, akabaki saidia fundi mmoja juu ya kenchi. Msyuuu!

Mzee wetu mstaafu wa TAZARA, ambaye kesi za watu anazisikiliza kama mpira, akaleta sheria. Mkataba wa mdomo ni mkataba, alisema, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inamtaka aliyevunja makubaliano afidie hasara iliyotokana na kuvunja huko kwa mwendo wa kawaida wa mambo. Ukiacha nyumba wazi msimu wa mvua, kulowa kwa vilivyomo ni mwendo wa kawaida kabisa. Ila sheria hiyo hiyo inaangalia pia kama aliyeumia alikuwa na njia ya kupunguza hasara. Ndiyo maana godoro lililoachwa chini ya matone siku mbili, na chumba cha jirani kiko kikavu, mama asahau.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, haitamsaidia sana. Fundi wetu hajawahi kusajiliwa popote zaidi ya laini ya simu. Njia ya mama ni serikali ya mtaa kwanza, waitwe wakae, na fundi akileta longolongo, Mahakama ya Mwanzo. Aende na ujumbe wa muamala, picha za jipsamu, na jirani aliyesikia ile "leo leo nakufunika".

Hukumu ya kijiwe: mpunga na jipsamu alipe fundi, godoro abebe mama. Na wewe unayetaka kuezua, subiri Agosti. Ukishindwa kusubiri, kabla hujatuma hela mwambie fundi akuonyeshe turubai, na mwandikishane nani kalinunua.