Sindano Mbili na Suruali Yangu

Agosti 1914, pale Liuli kwenye ufukwe wetu wa Ziwa Nyasa, enzi hizo Mjerumani akipaita Sphinxhafen, meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Mara ikatokea meli ya Mwingereza, Gwendolen, ikapiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, akarukia mtumbwi mdogo akapiga makasia kuifuata, amefura kwa hasira, akamuuliza nahodha mwenzake Rhoades kama amelewa. Wawili hao walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Masikini Berndt hakuwa amepata habari kwamba huko Ulaya vita vimeanza. Akatekwa hapo hapo.

Ndugu yangu mwenye nyumba na mke, mimi huyu Berndt namwonea huruma kama ndugu. Nami nilirudi nyumbani kwangu Liparamba jioni moja, jembe begani, sina habari ya vita yoyote, nikakuta mezani kuna mizigo miwili. Mmoja ni mfuko wa nyuzi za sweta na sindano mbili ndefu za kufumia. Wa pili ni furushi la vipande vya vitenge, vile vinavyobaki chini ya cherehani fundi akimaliza kukata. Katikati ya mizigo ameketi Mama Upendo, ambaye mimi na watoto, akiwa mbali, tunamwita Mkuu wa Wilaya.

"Baba Upendo," akasema, "nianze na kipi?"

Nikasema aanze na chochote atakachopenda. Wewe uliyeoa unajua kwamba hilo nyumbani halihesabiwi kuwa jibu.

Chanzo ni VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Kikundi cha mke wangu kiliamua kila mwanachama awe na kazi ya mkono. Wengine wakachukua sabuni, wengine batiki. Mkuu wa Wilaya akatangaza kwamba yeye anataka kazi inayotuliza moyo. Moyo wa nani, sikuuliza. Akabakiza mbili: kufuma kwa sindano, au kuunganisha viraka mpaka vitoke blanketi, lile ambalo watu wa pwani wanaliita mfarishi.

Hapo ingebidi tu mtu achague. Lakini nyumba yetu ina jiografia yake. Mke wangu ni mtoto wa Litembo, Umatengo juu huko, ambako Juni na Julai mtu haachani na sweta mpaka jua lipande. Mimi ni wa ziwani, ambako ukimwona mtu amevaa sweta unamuuliza kama ameshapima malaria. Wilaya yetu ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ila ndani ya nyumba yangu Mbinga haijakubali kuachia madaraka.

Na wiki hiyo Mbinga ilikuwa imeleta ujumbe mzito: mama mkwe. Tunamwita Spika, kwa kuwa ndiye anayegawa nafasi za kuzungumza. Upande wa ziwa uliwakilishwa na dada yangu, Shangazi Cherehani, mwenye kibanda cha ushonaji na ndiye mfadhili wa lile furushi la viraka. Alikuwepo pia Mjomba Nahodha kutoka Mbamba Bay. Upepo wa mwera ulikuwa umelivuruga ziwa, akaja kwetu na gunia la dagaa kusubiri litulie. Na alikuwepo Shemeji Luku, mdogo wake mke wangu, ambaye kama umeme wa kulipia kabla, huisha ghafla kazi inapoanza.

Spika akafungua kikao. Kufuma, alisema, hakutaki meza wala cherehani wala pasi. Unatia sindano kwenye mkoba unakwenda nazo kliniki, msibani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Na ukikosea unavuta uzi, kazi inafumuka, uzi unabaki mzima unaanza upya. "Kitambaa ukishakikata," akamtazama dada yangu, "umekikata."

Shangazi Cherehani akaomba mwongozo. Uzi unanunuliwa, viraka ni bure. Halafu hilo sweta Liparamba atauziwa nani, twiga? Blanketi kila nyumba inalo na kila nyumba inalitaka lingine.

Tuseme kweli, wote wawili walikuwa sahihi, na kwa mwanafunzi hoja ya Spika ilikuwa nzito zaidi. Nikasema hivyo kwa sauti. Dada yangu aliniangalia kama mtu aliyehama chama usiku.

Basi tukaanza na kufuma. Mkuu wa Wilaya alipopiga hesabu ya nyuzi za sweta zima, akaona bora anunue sweta la mtumba mnadani alifumue. Hili ni jambo la maana, wala si ubahili. Ila lina siri yake, na Spika aliijua: geuza sweta nje-ndani uangalie mishono ya ubavuni. Kama kila kipande kimefumwa kwa umbo lake, ukikata ule mshono uzi utatoka mmoja mrefu. Kama limekatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kilichofumwa na mashine, kila mstari utakukatikia mkononi, ubaki na vipande vifupi visivyofunga hata kuku. Uzi ukishatoka unakuwa umejikunjakunja, kwa hiyo unauosha na kuutundika na kitu kizito chini mpaka unyooke.

Kabla ya kuoshwa unatakiwa kuzungushwa kwenye kitu. Kitu hicho, nikaarifiwa, ni mikono yangu.

Niliketi nimenyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto wa ubatizo, uzi ukizunguka viganja vyangu. Shemeji Luku alikuwa ameshaisha. Redioni ilikuwa Simba na Yanga. Mtangazaji akapandisha sauti, mpira umeingia eneo la hatari, na hapo hapo redio ikaanza kukoroma. Nilihitaji vidole viwili tu kuishika antena. "Usitikisike!" akasema Mkuu wa Wilaya. Redio iliporudi walikuwa wanashangilia, na mpaka sasa sijui vizuri ni nani aliyefunga, maana majirani zangu ni wa upande mmoja na hawasemi ukweli.

Uzi uliobaki kwenye kiti, kitinda mimba wetu Kimbunga aliufunga kwenye pembe za mbuzi akamwachia. Mbuzi alizunguka jiko, choo na banda la kuku. Nitapita haraka hapo.

Skafu ya kwanza ya Mkuu wa Wilaya ilianza na vitanzi 20. Ilipofika katikati vilikuwa 31 na hakuna aliyeviongeza. Ikawa inapanuka kuelekea mbele, nyembamba shingoni, pana tumboni. Spika akasema ni uvivu wa kuhesabu. Binti yetu Upendo, tunayemwita Profesa kwa ajili ya simu yake, akasema ni jambo la kawaida kwa wanaoanza.

Aliyeumaliza ubishi ni Mjomba Nahodha. Alikuwa kimya pembeni akichambua dagaa. Akafuta mikono, akaomba kazi aione. Msomaji, huyu mzee ameshona nyavu tangu hajaota ndevu. Anajua kwamba tundu la wavu likiwa kubwa kuliko mwenzake, samaki ndiye atakayekuonyesha. Akanyanyua ile skafu usawa wa macho, akasema: "Mama, uzi wako ukianza mstari unaupitisha juu ya sindano. Ile kona ya kwanza inatanuka inaonekana vitanzi viwili, nawe unavifuma vyote viwili. Upitishe chini." Ndivyo ilivyokuwa. Akaichukua mwenyewe kuonyesha. Hakuirudisha.

Jioni ile mjomba wangu, mtu wa makasia na matusi ya ziwani, alifuma mpaka taa ikaisha mafuta. Spika alitikisa kichwa kwamba mwanaume na sindano wapi na wapi. Profesa akasoma kwenye simu kwamba katika kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca kule Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia, na wavulana hujifunza tangu utotoni. UNESCO ilitangaza sanaa yao ya nguo kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. "Wanaume wa ziwani," akasema Nahodha, bila kuinua kichwa, "tuko hivyo."

Upande wa ziwa ukawa umejitwalia silaha ya upande wa mlimani. Mkuu wa Wilaya, ambaye hakubali kushindwa na mtu aliyekuja kusubiri upepo, akageukia viraka.

Sasa hapo ndipo nilipojua kwamba kufuma kunakula pesa tu, viraka vinakula nguo. Furushi la dada yangu lilitosha robo ya blanketi. Vilivyobaki vilitoka kabatini. Fulana zangu zilinusurika si kwa huruma. Shangazi Cherehani alieleza kwamba fulana huvutika, mshono unakunjamana, haimfai anayeanza. Pamba isiyovutika ndiyo nzuri: shati, khanga, shuka lililochakaa. Na vyote vifuliwe kwanza, kwa kuwa kitenge kipya kinaweza kuchuja rangi na kurudi, na ukishakiunga na cha zamani, fua ya kwanza itakuumbua. Kisha pasi. Kisha kukata, na hapa hakuna masihara: kila kipande kikizidi nusu sentimita tu, mstari wa vipande kumi umezidi sentimita tano, na mstari wa chini yake haukubali kuolewa naye. Mkuu wa Wilaya, asiyehesabu vitanzi, alipima vipande kwa rula ya shule ya Kimbunga mpaka rula ikafutika alama.

Kitanda chetu kikawa meza. Blanketi la namna hii ni matabaka matatu: viraka juu, katikati kitu cha joto (kwetu ni blanketi kuukuu), na chini shuka. Yote yanatandazwa pamoja, yanapigwa bandi yasihame, ndipo yanashonwa kwa mkono kupita yote matatu. Kabla ya hapo vipande lazima vipangwe na kupangwa upya, na havitakiwi kuguswa. Nililala kwenye mkeka sebuleni na Nahodha, ambaye hufuma hata akisinzia.

Msiba ulitokana na khanga. Unajua khanga zina maneno. Mkuu wa Wilaya alikata mbili: moja ilikuwa ya kumshukuru mama kwa malezi, nyingine ile ya hasidi hana sababu. Akaunga vipande kwa kufuata rangi, na rangi zilipatana vizuri kabisa. Asubuhi Spika akavaa miwani kukagua kazi ya mwanawe, akasoma katikati ya blanketi, kwa herufi kubwa: AHSANTE MAMA HASIDI.

Siku hiyo Spika hakula. Aliomba tu kuuliziwa saa ya gari la kwenda Mbinga. Shangazi Cherehani alitoka nje kucheka nyuma ya nyumba, nasi tukamsikia. Profesa, kwa nia njema, akajaribu kuokoa hali kwa kusoma habari za Wasidi wa Karnataka, India, watu ambao asili ya wahenga wao ni huku kwetu Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mablanketi ya nguo kuukuu, wanaanzia ukingoni wanazunguka kuelekea katikati, na kila pembe wanaweka ua la kitambaa lililokunjwa, la sivyo wanaliona blanketi liko uchi. Spika akasema bora hilo liko uchi, hili limevaa matusi.

Mkuu wa Wilaya akafumua mshono akamtenga Mama na Hasidi. Lakini pengo likabaki, na katika kulijaza akapanga vipande virefu vinne kuzunguka kipande kimoja cha mraba. Akafanya kingine pembeni yake. Na kingine. Spika alikuwa amebeba mkoba. Akasimama.

"Hizi ni ngoro," akasema.

Kama hujafika Umatengo, ngoro ni yale mashimo ya mraba yanayofunika miteremko ya milima mizima. Nyasi zilizokatwa hulazwa kwa mistari inayokatana, zikafanya vyumba. Kisha udongo wa katikati ya kila chumba huchimbwa na kufunika nyasi. Juu ya matuta unapanda maharage na mahindi, shimo la katikati linakamata maji ya mvua na udongo hauteremki bondeni. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100, kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe hupanda kwa tahadhari.

Spika akaweka mkoba chini. Kumbe mwanamke aliyekuja kutetea sindano mbili alikuwa na shamba zima kichwani. Matuta, akaagiza, yawe rangi za mimea: kijani, kahawia, manjano. Na kazi igawanywe kidesturi, mwanaume alaze nyasi, mwanamke achimbe na kufukia. Yaani mimi nipange vile vipande virefu kitandani, wao washone. Nikalaza nyasi kitandani kwangu nisikolala. Shangazi Cherehani na Spika wakawa wanapeana mkasi kama ndugu wa tumbo moja. Shemeji Luku akarudi saa ya chakula. Nahodha alikuwa ameanza skafu nyingine.

Likabaki jambo moja. Shimo la ngoro, akasema Spika, ni jeusi; udongo wa chini umelowa. Vipande vya katikati lazima viwe vyeusi, tena vya kitambaa kizito. Wakatafuta kwenye furushi. Wakatafuta kabatini. Kisha wote watatu wakageuka kunitazama, na mke wangu akasema kwa ile sauti yake ya upole ambayo huwa naiogopa:

"Baba Upendo, ile suti yako ya harusi, unaivaa lini tena?"

Nikasema suti ile nimeiweka akiba ya siku nitakayozikwa.

Spika hakuinua macho kwenye sindano. "Basi mwanangu, chukua suruali tu," akamwambia binti yake. "Sanduku hufunguliwa upande wa uso."