Vya Kukulia

Mama mkwe wangu ana msimamo mmoja ambao hata mchungaji hajathubutu kuugusa: mtoto hanunuliwi kiatu kinachomtosha. Hununuliwa cha kukulia. Kinachomtosha leo, anasema, ni hela iliyotupwa. Kwa hiyo kila Januari shule zinapofunguliwa, mjukuu wake wa kwanza hutoka nyumbani akiwa amejaziwa magazeti kwenye ncha za viatu, pwata, pwata, mpaka kituo cha daladala, visigino vya kiatu vikimfuata nyuma kwa nafasi yake.

Nimewahi kumpelekea hesabu. Namba za Ulaya, hizi za thelathini na kitu tunazozisoma kwenye soli, hupandana kwa theluthi mbili za sentimita. Mguu wa mtoto wa darasa la pili au la tatu hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, yaani namba moja na nusu hivi. Basi kiatu kilichozidi namba 3 kinaungoja mguu miaka 2. Sasa nani aliwahi kuona kiatu cha shule cha mtoto wa kiume kikifikisha miaka 2? Cha kwetu hupiga makopo njia nzima, na Pasaka ikifika soli imeshafungua mdomo. Mguu unawasili, mwenyeji ameshazikwa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Mke wangu hutumia kijiti. Mtoto hapelekwi Kariakoo Januari, labda kama hujali kurudi na wa mwenzio, kwa hiyo kinachokwenda ni kipimo: kijiti cha ufagio wa chelewa kilichokatwa sawasawa na wayo. Unakitumbukiza ndani ya kiatu, kikibakiza nafasi ya upana wa dole gumba, unalipa. Njia nzuri sana. Ila mwaka mmoja aliyetumwa ni mjomba wao, naye alipita kwenye nyama choma kwanza. Kijiti kilifika sokoni kikiwa kimeshafanya kazi nyingine kwenye meno, na kikiwa kifupi zaidi. Viatu alivyoleta vilimtosha jirani wa chekechea.

Kwenye mitumba ya Ilala mambo ni mazito zaidi, maana humo namba za nchi zote zimelala rundo moja. Za Uingereza za watoto hupanda mpaka 13, halafu, bila kumwomba mtu radhi, huanza tena na 1. Kichanga anayejifunza kukaa na kaka yake wa miaka 8 wanaweza wote wawili kuvaa namba 1, kila mmoja yake. Muuzaji hasumbuliwi na hilo. Kikibana: “Ngozi hii, mzee, itatanuka.” Kikipwaya: “Kwani huyu hakui?” Sijamsikia hata siku moja akisema kiatu hakifai.

Wapo wanaoshauri umchukue mtoto mwenyewe, tena jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku. Ushauri ni sahihi, tatizo ni mtoto. “Kinabana?” si swali la kumuuliza mtu aliyekwisha kuona taa zikiwaka kisiginoni. “Hakibani, baba.” Ukibonyeza mbele kutafuta dole lilipoishia, yeye hukunja vidole vyote ndani, unakuta uwazi, unafurahi, unatoa noti. Vidole vinakunjuliwa nyumbani, risiti ikiwa imeshapotea.

Mpango wetu wa akiba ulikuwa urithi: vya kaka vimfikie mdogo wake wa kike. Na ungefaulu, kama yule binti angekubali kuwa mdogo. Mwaka jana alimpita kaka yake mguu kimyakimya, yeye 34, kaka 33, na raba za michezo alizopewa sikukuu zikambana kabla hazijaona uwanja. Raba nzima, mpya, na mrithi pekee wa saizi hiyo nyumbani ni kaka mtu. Tena ni za pinki. Kijana alitangaza mezani kwamba heri aende peku. Mama yao akaniangalia, mimi nikaangalia ugali. Bibi alizichukua zile raba, akabonyeza mbele, akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile: kumbe bado zilikuwa na nafasi ya kukulia. Akamtuma binti dukani kuleta dawa ya viatu, nyeusi, kopo kubwa.