Namna ya Kumtangulia Mbabe wa Meza

Kwanza hakikisha umekasirika. Dau la kumtangulia mtu aliyekwisha kupandisha halinogi likiwekwa na mtulivu. Umekalia nafasi ya dau kubwa la lazima, pesa yako imeingia hata karata hujaziona, na bwana mmoja mwenye miwani myeusi kapandisha tena. Ukamfuata. Karata tatu zimefunuliwa mezani na wa kwanza kucheza ni wewe. Desturi ya Texas Hold'em ni upite, umwachie aliyeanza ubabe auendeleze. Ukiwa na karata kali, desturi hiyo hulipa vizuri: yeye huweka dau kwa mazoea, wewe ukampandishia. Lakini hayo ni ya wenye subira.

Meza ya kufaa kwa hasira yako ni ile yenye ree, mfalme na tisa. Mwenye miwani huenda ana ree mbili, wafalme wawili, au ree na mfalme. Wewe ungekuwa nazo ungempandishia palepale badala ya kumfuata, na wote mezani wanalijua hilo. Kwa hiyo dau lako linawatangazia kwamba una tisa. Weka kubwa, sawasawa na fungu zima la katikati, ili kama huna kitu ulazimike kumtoa nusu ya mara zote ndipo pesa yako irudi. Hatoki.

Wachezaji wazoefu walilidharau dau hili hata wakalibandika jina la punda. Dharau ilipata chakula zaidi baada ya 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alipotwaa dola milioni 2.5 za World Series of Poker kule Las Vegas, akiwa ameingia kwa mashindano ya bei nafuu ya intaneti. Kila mhasibu akaona naye anaweza. Kisha mwaka 2015 ikaja programu ya PioSOLVER, inayopiga hesabu bila kiburi wala kisasi, na kumbe punda ana siku zake.

Siku hizo, kwa bahati mbaya, hazihusiani na hasira. Tuseme mezani zimetoka sita, tano na nne. Mpandishaji bado anaweza kuwa na ree mbili, sikatai, ila karata zake nyingi ni kubwa na hapo hazijagusa kitu. Wewe uliyefuata kwa bei ya punguzo, maana sehemu ulishalipa, ndiye unayeweza kushika saba na tatu za kopa, tano na nne, hata tatu na mbili. Muungwana gani angepandisha dau na tatu na mbili? Tena ukipita, naye akiwa na ree na malkia atapita vilevile, aone karata ya nne bure, na huenda ikawa ree. Mtoze. Theluthi ya fungu yatosha: hata ukiwa unatishia tu, akitoka mara moja katika nne umerudisha gharama. Nimesema theluthi, si kodi ya nyumba.

Siku nyingine ni ya karata ya nne. Mezani kulikuwa na mfalme, nane na tano. Ulipita, akaweka, ukamfuata. Inafunuliwa nane ya pili. Nane nyingi zimo mikononi mwa wafuataji, si wapandishaji, basi tangulia.

Wakiwa watatu au wanne kwenye mchezo, pita tu.

Changanya pia. Ukitangulia ukiwa na karata nzuri peke yake, mwenye miwani atakusoma kabla chai haijapoa. Ongeza na zile zinazosubiri karata moja kukamilisha mfuatano. Na akikupandishia ukiwa mtupu, zitupe kifudifudi. Atakuuliza ulikuwa na nini. Utatamani sana kumwonyesha.